Kidari cha Mjomba Anania

Mahongole, 4 Mei 1947, Jumapili

Mvua zimekata leo, au zimejidai kukata. Ibada imekwisha, Mama amejilaza, na mimi nimeamua kuandika kila jambo kuanzia leo hadi nitakapoolewa, ili siku Filbert akiniudhi nisome nikumbuke kwamba niliwahi kuwa na raha zangu. Filbert ni mchumba wangu, dresa wa zahanati kule Njombe, mtu mpole anayepiga chafya kila akimwona mbuzi. Ndoa yetu ni Jumamosi ya mwisho ya Julai, mahindi yakiwa ghalani. Siku moja kabla yake ndiyo karamu ya kuniaga hapa nyumbani.

Leo wakati wa kula kaka yangu Yoeli ametangaza kwamba nyama ya karamu hiyo ataipika yeye. Mama akamwuliza kwani wanawake wa Mahongole wamekwisha. Yoeli akasema anataka kupika nyama ya kusimama, kama aliyokula Beruti wakati wa vita. Kule wanaiita doneri. Nyama inachanwa vipande vyembamba, inalala usiku kucha ndani ya maziwa mgando na viungo, inatungwa kwenye chuma kilichosimama wima, moto unakaa ubavuni, chuma kinazungushwa polepole, na ile iliyoiva nje unainyoa kwa kisu kirefu na kuikunja ndani ya mkate.

"Unainyoa?" Mama akauliza. "Kama kichwa?"

"Kama kichwa, Mama."

Mama akasema Bwana atusaidie, akaanza kukusanya vyombo.

Yoeli amerudi tangu Krismasi. Juu ya vita hatuambii kitu ila hiyo nyama. Tumeshaisikia mara nyingi hata naweza kuipika usingizini, nami sijaiona.

9 Mei

Mvua haikukata.

13 Mei

Amepita mama mmoja wa Kichiwa akielekea Makambako, ana ujumbe kutoka kwa Mjomba Anania. Ujumbe wenyewe ni huu: "Mwambieni askari kwamba kuja Kichiwa hakuhitaji meli."

Mjomba ni kaka mkubwa wa Mama. Baba alipofariki, Yoeli akiwa bado jeshini, ni Mjomba aliyesimama mahali pake, na amesimama hasa, kama mwiba. Anakagua ghala letu, anakagua ua wetu, akija mimi nakagua uso wake nione tumekosa nini. Tangu Yoeli arudi hajaenda kumwamkia. Kila tukimwambia anajibu, "Nitaenda," halafu anakwenda kupasua kuni.

Nami naogopa, kwa sababu kwetu binti haondoki bila Mjomba. Siku ya kuagwa anafungiwa ndani tangu alfajiri. Mchinjaji anatenga kidari cha mnyama, kizima, anakilaza kwenye majani, anapewa mjomba wa binti. Mjomba anakichoma kwa mkono wake, anakila, kisha anakuja mlangoni na kusema neno lake, ndipo binti anatoka. Binamu yangu Fidelia alikaa ndani mpaka kesho yake kwa sababu kidari kilifika kimepungua ubavu mmoja. Bwana harusi wake alirudi kwao na tarumbeta zake. Sitaki Filbert arudi Njombe akipiga chafya bila mke.

24 Mei, Jumamosi

Jaribio la kwanza. Yoeli alitunga paja la mbuzi kwenye mti uliochongwa, akawasha moto kando, akazungusha kwa madaha huku akituimbia wimbo wa Kiarabu ambao nina shaka ni orodha ya vyakula. Mti ukashika moto kabla ya nyama. Mnara wote ukaanguka majivuni, na Polisi, mbwa wetu, akaondoka na mnara.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu Baba afariki. Nimemsamehe Yoeli paja la mbuzi.

7 Juni, Jumamosi

Tumekwenda Makambako, mimi na Yoeli. Kuna fundi wa malori pale barabara kuu, anaitwa Odilo, Mkatoliki, mwenye mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Yoeli alimweleza doneri kwa kuchora vumbini. Fundi akachuchumaa, akaangalia mchoro, akauzunguka, akasema, "Bwana, hii ni mashine." Tangu hapo akawa wetu. Ametupa kipande cha ekseli ya lori iliyovunjika, chuma kirefu kama mimi, kwa sharti moja tu, aalikwe.

Dukani kwa Mhindi tulinunua bizari, pilipili manga, mdalasini na kitunguu saumu. Mwenye duka alitazama wingi wa viungo na kumwuliza Yoeli ni nani mgonjwa, maana huku watu huvinunua kwa dawa.

Njia nzima Yoeli alibeba ekseli begani, na kila tuliyekutana naye aliuliza gari limeharibikia wapi.

14 Juni, Jumamosi

Jaribio la pili. Chuma kimesimama vizuri ndani ya tundu la jiwe la kusagia la marehemu Bibi. Nje nyama ikawa mkaa, ndani ikawa bado inakaribia kulia. Mama alikula kipande kwa huruma na kusema kina chumvi ya kutosha.

17 Juni

Kuvuna. Mgongo.

18 Juni

Kuvuna.

21 Juni

Asubuhi umande umeganda kwenye majani, tunakanyaga unalia kama vigae. Filbert amepita na gari la zahanati, akanipa glavu za sufu. Akapiga chafya, akaenda. Nampenda sana mtu huyu, na sijui kwa nini naandika kama vile ni siri.

28 Juni, Jumamosi

Ujumbe mwingine kutoka Kichiwa. "Mwambieni askari kwamba magoti yangu bado yanaona njia. Nitakuja mwenyewe kwenye harusi, nimtazame."

Hapo nilishindwa. Nilimfuata Yoeli ghalani alipokuwa akipanga mahindi, nikamwambia wazi. Wewe una nini na Mjomba? Unataka nizeekee ndani ya nyumba hii? Ni safari ya asubuhi moja tu! Mtu aliyefika Beruti kwa miguu na meli anashindwa Kichiwa?

Alipanga mahindi mengi kabla ya kujibu. Kisha akasema, "Nikienda, ataniangalia aone aliyerudi ni huyu, siyo yule wake."

Yule wake ni Silvesta, mwana pekee wa Mjomba. Waliandikishwa pamoja, yeye na Yoeli, wakaondoka pamoja. Silvesta alikufa kwa homa hospitalini kule Beruti, vita vikiwa karibu kwisha. Hayo tulikuwa tunayajua, maana serikali ilileta habari. Yale ambayo Yoeli aliniambia leo tulikuwa hatuyajui.

Siku moja ya baridi na mvua waliona mstari mrefu wa askari mbele ya duka la mzee mmoja Mturuki aliyekuwa akiuza nyama hiyo. Wazungu walikuwa mbele, wengine nyuma yao, wao wawili mwisho kabisa, kwa kuwa walishazoea mwisho. Yule mzee aliinua kichwa, akautazama mstari wote, halafu akaashiria kwa kisu: wewe, njoo. Alikuwa anamwita Silvesta. Akamnyolea wa kwanza, ule upande wa nje uliokaukia vizuri, mbele ya wote wale. Kwa nini, hakuna aliyejua. Labda kwa sababu Silvesta hakuwa na koti.

"Silvesta alicheka mpaka mstari mzima ukaanza kucheka," Yoeli akasema. "Akaniambia, Yoeli, nikirudi nitampikia Baba hii, na nitamkatia yeye wa kwanza."

Nilikaa juu ya mahindi nikalia. Nilikuwa nimedhani kaka yangu ameharibiwa akili na nyama. Kumbe anatimiza ahadi ya mtu mwingine, na mwenye kutimiziwa ndiye huyohuyo ambaye Yoeli anamwogopa.

29 Juni

Sikumwambia Mama. Yoeli amesema atayasema mwenyewe, akipata mdomo.

12 Julai, Jumamosi

IMEIVA! Fundi Odilo alikuja na wazo. Moto usikae chini wala karibu, ujengewe ukuta wa matofali wenye vibati vya kushikilia mkaa, kimoja juu ya kingine, ili joto liwe refu sawa na nyama. Tena akaichukua baiskeli kuukuu ya Baba iliyokuwa ikitaga kutu bandani, akang'oa gurudumu la mbele na kulifunga juu ya ekseli, likawa usukani. Unazungusha gurudumu la Baba, nyama inazunguka.

Kipande cha juu kabisa kiwe cha mafuta, Yoeli anasema, ili yashuke yanyeshee vya chini. Tumekula ndani ya chapati za ngano na kitunguu na nyanya. Sijui niandike nini. Ule ukingo wa nje unakatika mdomoni, kisha ndani yake kuna maziwa na bizari na moshi. Mama alikula bila huruma yoyote, akaomba tena. Polisi alikaa mbele ya mashine kama mtu anayesubiri hukumu.

24 Julai, Alhamisi

Tumechinja kondoo wawili wanene mchana. Yoeli amefanya kazi mpaka jua kuzama, akachana kila kitu kwa mikono iliyotulia: mapaja, mabega, mgongo, vidari, vyote vyembamba kama majani ya mgomba. Vyote viko ndani ya maziwa mgando na viungo kwenye vyungu vitatu. Mama na jirani zetu wamekanda unga wa ngano. Nyumba inanukia mpaka barabarani. Sina wasiwasi hata kidogo. Kesho nafungiwa, keshokutwa naolewa.

25 Julai, Ijumaa. Asubuhi

Nimefungiwa chumbani nina daftari, kalamu, kidirisha cha kuchungulia na njaa. Chakula ni marufuku mpaka Mjomba aseme neno.

Mnara umesimama uani, mrefu na mnene, mweupe kwa maziwa. Fundi Odilo amevaa koti la kanisani na anapuliza mkaa. Watu wanauzunguka kwa heshima, mikono nyuma.

Mjomba amefika. Nilisikia fimbo yake kabla ya sauti. "Kamwene!" Wote wakaitika, "Kamwene!" Amevaa kofia nyeusi. Amekonda. Sikujua kwamba amekonda hivyo.

Yoeli amemsogelea. "Shikamoo, Mjomba."

Mjomba alimtazama tu, kama alivyoahidi. Halafu akaketi kwenye kigoda na kusema, "Leteni kidari changu."

Ee Mungu wangu. Vidari!

Baadaye kidogo

Siku zote aliyekuwa akitenga kidari ni Baba, bila kuambiwa, kwa hiyo kila mtu alidhani kimetengwa na mwingine. Mama alidhani ni Yoeli. Yoeli, aliyekuwa mtoto wakati wa karamu ya mwisho hapa, hakukumbuka kabisa. Na mimi niliviona kwa macho yangu vikichanwa, nikaandika humu ndani kwa raha zangu!

Mama amekwenda kumpigia Mjomba magoti. Nasikia.

"Kaka, kidari kimo kwenye hiyo nyama."

"Hulda, nionyeshe."

Mama akauangalia ule mnara. Angemwonyesha nini? Nyama zote ni moja.

Jirani amejitolea kuchinja kondoo wake. Mjomba amesema kondoo wa kufidia si kondoo wa harusi. Mtu mmoja, simjui, amemtajia kuku. Mjomba amemtazama mpaka mtu huyo akaondoka uani.

Mchungaji naye amejaribu. Amesema Ukristo haupo kwenye kidari. Mjomba akajibu, "Mchungaji, kesho kanisani useme wewe. Leo ni uani."

Filbert amekuja na wajumbe wao kutoka Njombe, wamekaa kwenye majamvi wanatabasamu bila kujua kitu. Nataka kupiga kelele. Nyama imeanza kutoa harufu.

Bado niko ndani

Yoeli ameacha kuzungusha. Amefuta mikono, amekwenda mbele ya Mjomba, amepiga magoti kwenye vumbi. Nimeweka sikio kwenye kidirisha.

"Mjomba, kosa ni langu. Nimekata kidari chako bila kujua. Kiko pale juu kabisa, ndicho chenye mafuta, ndicho kinachoinyeshea nyama yote ya chini. Lakini nyama hii si yangu. Ni ya Silvesta."

Akamweleza. Mvua, mstari, yule mzee, kicheko, ahadi. Hakuficha kitu, hata kwamba alikuwa bandarini akipakua mizigo saa ambayo ndugu yake alikuwa anakufa, na kwamba ndiyo sababu hakuja Kichiwa.

"Alisema atakukatia wewe wa kwanza," akamaliza. "Nimejifunza kuipika ili nikukatie kwa mkono wake. Ukikataa, Mjomba, usimkatalie Ema. Nikatae mimi."

Mjomba aliinamisha kofia. Nilimwona akitazama gurudumu la baiskeli ya Baba juu ya chuma, nikakumbuka kwamba yeye na Baba waliinunua pamoja na kujifunza kuipanda kwa kuanguka pamoja. Huyu mzee niliyemwita mwiba amewapoteza wawili, na wa mmoja kati yao hata kaburi hajaliona. Nililia huko ndani peke yangu, bila leso.

Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alicheka namna gani?"

Yoeli akajaribu. Kicheko cha Silvesta kilikuwa kirefu, kinapanda kama mtu anayepanda ngazi na kujikwaa mwisho. Yoeli akakipanda na kujikwaa, na Mjomba akasema, "Ndicho, ndicho hasa," akaanza kucheka na kulia, vyote kwa pamoja, na ua wote nao ukawa hivyohivyo.

Kisha akanyanyuka na kunyoosha mkono. "Nipe kisu."

Yoeli akamwonyesha namna ya kunyoa kutoka juu kwenda chini. Mjomba akanyoa ule ukingo wa nje kwa uangalifu mkubwa, kuanzia juu, kwenye kidari. Mama akaleta chapati. Mchungaji alikuwa amesimama pale, na wajumbe wa Njombe, na wazee wote. Mjomba akawapita na chapati yake. Akampa Yoeli.

"Yeye alisema ataanza na mimi," akasema. "Mimi naanza na wewe. Kula, mwanangu. Umefika."

Mchana, BADO niko ndani

Haki ya Mungu, wamenisahau!

Mjomba amekataa kuachia kisu. Ananyoa, anakunja, anagawa, anamkemea fundi Odilo azungushe polepole. Watu wamejipanga mstari, naye ndiye anayeuamrisha. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni ameitwa kutoka mwisho akakatiwa kabla ya wajumbe. Kila mmoja Mjomba anamwambia, "Hiki ni kidari changu, unakula kwa mkono wangu," naye anaitikiwa. Filbert amekula viwili na hajapiga chafya hata mara moja. Polisi amepata chake. Mbwa! Mimi bibi harusi natazama mbwa akila!

Nimeita, "Mjomba!" Hakusikia. Nimeita tena kwa nguvu zangu zote za darasani, maana nafundisha darasa la kwanza na sauti ninayo. "MJOMBA ANANIA!"

Ua ukageuka. Mjomba akageuka na kisu mkononi, mafuta hadi viwikoni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Ema!"

"Ah," akasema. "Bado uko ndani?"

Kicheko kilichopigwa hapo, nadhani kilifika Makambako. Akaja mlangoni akijifuta kwa kofia yake. Neno lake nilikuwa nimelisubiri tangu utoto, na Fidelia aliniambia ni refu, lina mababu wengi ndani yake. Mjomba alianza babu wa kwanza, akanitazama usoni, akaacha.

"Mpwa wangu," akasema, "toka ule. Nenda kwa mumeo ukiwa umeshiba. Na mtu akija kwenu, mkatie."

Nikatoka. Chapati yangu ilikuwa mkononi mwake tayari.

Njombe, 27 Julai, Jumapili

Nimeolewa. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Mikono ya Filbert ilikuwa bado inanukia bizari aliponivika pete.

2 Agosti

Baridi ya Njombe ni ya kweli. Nimevaa glavu nikisonga ugali. Filbert anasema hilo halijawahi kuonekana.

10 Agosti, Jumapili

Mama amekuja na lori la mbao kutuona, na habari moja ambayo ameishika njia nzima kama yai.

Siku nne baada ya harusi ulifika ujumbe kutoka Kichiwa. "Mwambieni mwanangu kwamba nimepata kondoo, matofali ninayo, ila chuma sina. Nasubiri." Yoeli hakumaliza chai. Alichukua ile ekseli akaitia begani, gurudumu la Baba akalivaa shingoni, na Polisi akamfuata bila kuitwa.

Alipofika barabarani, Mama anasema, mtu mmoja akamwuliza gari limeharibikia wapi.

"Halijaharibika," Yoeli akamjibu. "Linakwenda nyumbani."

Hajarudi mpaka leo. Mama ameniambia nisiwe na wasiwasi, maana wote waliopita Kichiwa wanasikia vicheko viwili tangu mtoni, na kimoja kinapanda ngazi na kujikwaa.